Mkonge wa mapambo Mombasa: mbona waoza na ulipanda "mmea wa jangwani"?

Mwezi wa tano, mvua ya mwaka, yaani masika, imeshika vilivyo, nikapigiwa simu na mama mmoja wa Nyali akaniambia fundi njoo uone, mikonge yangu yalala. Nikaenda. Kompaundi nzuri, ukuta mweupe, kokoto nyeupe za kununua, na katikati agave saba zile kubwa za rangi ya buluu ya majivu, tano kati yake majani yameanguka chini kama mwavuli uliovunjika mbavu, na nlipovuta jani moja likatoka lote mkononi bila nguvu yoyote, shina lake limekuwa rojorojo na harufu ndio usiseme. Mama akaniuliza swali ambalo tangu siku ile nimeulizwa na watu wengi: kwani huu si mmea wa jangwani, haufi, sasa mbona umekufa na mimi nautunza kila siku?

Hilo swali nataka tulifungue pole pole hapa, manake watu wanatumia pesa nyingi sana sahi kwa hizi bustani za jangwani, wanaona picha za Arizona na Mexico kwenye simu, ukuta mweupe na mikonge mitatu na mawe, yapendeza wallahi, halafu inaletwa Mombasa vile vile ilivyo na mvua ya kwanza ikipiga yote imeharibika.

Tuanze na jina kwanza. Agave ni mkonge. Ule ule wa katani, wa mashamba ya Vipingo ukiwa waelekea Kilifi na ya Mwatate ukipanda Taita, ni agave mojawapo tu katika aina zaidi ya 200, jina lake la kitaalamu Agave sisalana. Zile za mapambo ni ndugu zake. Kwa hivyo mtu wa Pwani akisema hii mimea ni ya kigeni hatujui tabia zake si kweli, tumeishi nayo zaidi ya miaka 100. Na pia usiichanganye na mshubiri, ile aloe, najua zafanana kwa mbali lakini jani la mshubiri ukilivunja lakatika pap na ndani ni utelezi, jani la mkonge halivunjiki kwa mkono, lina nyuzi ndani ndio hizo tunasokotea kamba. Mshubiri watoa maua kila mwaka, mkonge watoa mara moja tu maisha yake yote halafu wafa. Na mshubiri ni wa huku kwetu Afrika na Uarabuni, mkonge asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake.

Ulifikaje huku? Mwaka 1893 Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ipelekwe Tanga, safari ya meli kupitia Hamburg, na ilipofika ilikuwa hai 62 peke yake. Hiyo 62 ndiyo ikazaa mashamba yote ya Tanga na baadaye mkonge ukavuka mpaka ukaja upande wetu wa Kenya. Mimi hii hadithi naipenda si kwa sababu ya Mjerumani, naipenda kwa ile 62. Mmea unaoweza kukaa kwenye sanduku miezi bila udongo bila maji halafu sitini na mbili zikajaza nchi nzima, huo si mmea wa kufa kwa kiu. Na kama haufi kwa kiu basi wewe ulieumwagilia kila jioni umeua kwa kitu kingine.

Sasa angalia jina lenyewe, sisal. Sisal ni bandari ndogo iko Yucatán huko Mexico, nyuzi zilikuwa zikipakiliwa hapo kwenda nje ndio zikaitwa hivo. Na Yucatán ni nini? Ni nchi tambarare ya joto, unyevu wa bahari, na chini ni mwamba wa chokaa mtupu. Yaani ni kama hapa. Wewe ukisimama Nyali ama Shanzu ama Likoni, ukipiga mtaimbo chini futi moja tu wagonga jiwe la matumbawe, ambalo nalo ni chokaa, jiwe lile lile Wareno walianza kujengea Fort Jesus mwaka 1593. Mkonge unapenda chokaa kuliko mimea mingi ya bustani. Kwa hivyo aina nyingi za agave hazikutoka jangwa la mchanga kama tunavyofikiria, zimetoka kwenye mawe, kwenye miteremko, kwenye nyufa za miamba ambako mvua ikinyesha maji yapita hapo hapo yaenda zake. Hapo ndipo penye siri yote. Kinachohitajika si ukame, ni mguu mkavu.

Na tofauti ya hivyo vitu viwili ni kubwa. Jangwa kwa hesabu za wataalamu ni mahali panapopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, Phoenix ya Arizona yapata kama 200, Lodwar yetu vivyo hivyo. Mombasa yapata zaidi ya 1,000 na mwezi wa tano peke yake waweza kupita mvua ya Lodwar ya mwaka mzima. Sasa huwezi kuizuia mvua isinyeshe Mombasa. Lakini waweza kuyafanya maji yasikae.

Kwanini maji yakikaa yaua? Mizizi ya mkonge haiendi chini sana, yatambaa juu juu kama nyavu, kazi yake ni kudaka mvua ndogo haraka kabla haijakauka, na mizizi ya namna hiyo yataka hewa. Udongo ukijaa maji siku tatu nne mfululizo hewa inatoka, mizizi yaanza kufa, na mzizi uliokufa ni mlango wazi wa ukungu na bakteria. Halafu ongeza umbo la mmea wenyewe, angalia majani yalivyojipanga duara, kila jani ni mfereji, mvua yote inayogonga jani inateremshwa hadi kwenye moyo na shina. Huko kwao ambako mvua ni haba huo ni ujanja mkubwa, tone moja halipotei. Kwetu sisi ni kama kuelekeza mabomba ishirini kwenye shina moja.

Na kuna jambo la usiku, hili watu wengi hawalijui. Mimea mingi yafungua vitundu vya majani mchana ivute hewa, mkonge hufanya kinyume, mchana hufunga kabisa isipoteze maji, usiku ndio hufungua, yaweka ile hewa ya ukaa kama akiba ya asidi na kesho yake jua likitoka ndio yaitumia kutengeneza chakula ikiwa imefunga milango. Mfumo huo wafanya kazi vizuri zaidi usiku ukiwa na baridi kidogo. Usiku wa Mombasa nani hajui, mwezi wa tatu wageuza mto mara kumi na feni yapuliza joto. Ndio maana zile agave ndogo nzuri za milimani, Agave parryi na ile ya mistari myeupe Agave victoriae-reginae, huku zachukia, hazikui na zaoza upesi. Ukizipenda sana weka kwenye poti chini ya baraza isipofika mvua, ardhini usithubutu.

Turudi Nyali kwa mama. Nlichukua jembe nikachimba pale palipooza. Juu kokoto nyeupe, sawa. Chini ya kokoto nailoni nyeusi nzito, ati kuzuia magugu. Chini ya nailoni futi moja na nusu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ulioletwa na lori, umechanganywa na samadi, na chini ya huo udongo ndio jiwe letu la matumbawe ambalo fundi wa kwanza alikuwa amelisawazisha na kulishindilia na saruji iliyobaki ya ujenzi. Yaani ilikuwa beseni. Maji yaingia kwenye matundu ya nailoni pale mmea ulipotokea, hayatoki chini kwa saruji, hayapandi juu kukauka kwa nailoni, na katikati udongo unaoshika maji kama sponji. Mama wa watu alilipa pesa kuondoa kitu ambacho mkonge ulikuwa ukikitaka, akalipa tena kuleta kinachouua. Hili laniuma kwa kweli kwa sababu si yeye peke yake, nimeona kompaundi nyingi sana na karibu zote ni hadithi hiyo hiyo.

Kwa hivyo ikiwa uko kwenye ukanda wa matumbawe, Nyali, Bamburi, Shanzu, Mtwapa, Likoni kuelekea Diani, usitoe mawe. Yavunje vunje tu na mtaimbo upate nyufa, toa yale makubwa uyatumie juu kama pambo, halafu juu yake inua kilima, hata cha futi moja yatosha, futi moja na nusu ni bora. Mchanganyiko wangu mimi ni nusu vipande vya matumbawe ama kokoto ndogo, robo mchanga wa mtoni, robo udongo wa hapo hapo na mboji kidogo iliyokwisha kuiva. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi na pia ufuo wenyewe waliwa na bahari, tusiuchote.

Ukiwa bara, Changamwe, Miritini, Jomvu, mambo ni mengine. Huko chini si matumbawe, ni mwamba wa tope wa kale ambao ukioza wawa udongo wa mfinyanzi, wakati wa kiangazi wapasuka nyufa, wakati wa mvua wanata kwenye viatu. Huko ukichimba shimo ujaze kokoto ndani umechimba kisima, maji ya pande zote yatakuja kukaa humo. Huko usichimbe kabisa. Jenga kitanda juu ya ardhi, zungusha mawe, jaza mchanganyiko, fanya mteremko maji yaondoke, na kama waweza kupanda kwenye ukingo wa ngazi ama juu ya ukuta mfupi basi hapo ndipo mahali pake.

Na nailoni toa. Magugu ukipanga kokoto nene inchi tatu utayang'oa machache tu kwa mkono. Kokoto zenyewe, mimi sipendelei nyeupe kabisa, jua la Mombasa saa saba likigonga nyeupe macho yauma na joto larudi juu lachoma majani ya chini. Vipande vya matumbawe vya rangi ya maziwa yaliyochacha vyatulia zaidi na vyafanana na mahali.

Kupanda, shingo ya mmea ikae juu ya udongo, iwe yaonekana kidogo, usiifukie. Ikiwa ni chipukizi umeling'oa pembeni mwa mama yake liache kivulini siku nne tano mpaka kidonda kikauke ndio ulipande. Na ukinunua kwa wale wauza miche wa barabarani angalia ulikuwa umewekwa wapi, kama ulikuwa chini ya neti ya kivuli usiuweke juani siku hiyo hiyo, utapata mabaka meupe ya kuungua yasiyotoka tena mpaka jani life. Usogeze pole pole wiki mbili tatu. Wakati mzuri ni mwezi wa nane na wa tisa, mvua kubwa imepita na mmea una muda wa kushika kabla kaskazi haijaanza kuvuma na kiangazi cha mwezi wa kwanza. Maji mara moja kwa wiki miezi miwili ya mwanzo, baadaye acha. Acha kabisa, isipokuwa kiangazi kiwe kirefu mno na uone majani yamesinyaa, hapo mpe ndoo moja, ashukuru.

Hili la maji si dogo kwa mji wetu. Maji ya mfereji Mombasa yatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, na hapa karibu Tiwi, na bado kuna mitaa yanunua mitungi ya mkokoteni. Ukoka wa bustani wanywa kila siku. Bustani ya mkonge iliyopandwa sawasawa haikuombi kitu, na hiyo ndiyo sababu mimi naipigania hii mimea pamoja na kwamba si ya kwetu.

Upande aina gani sasa. Kama wataka mmoja tu usiokusumbua chukua Agave angustifolia ile yenye ukingo mweupe, umeshaiona mara nyingi tu kwenye mahoteli, ni ya sehemu za chini zenye joto kwa hivyo Mombasa yaijua, upepo wa bahari waustahimili. Agave americana ndio ile kubwa ya buluu ama yenye ukingo wa manjano, ni nzuri sana lakini watu wainunua ikiwa kwenye poti ya kubeba kwa mkono mmoja na kuipanda karibu na geti, wasijue itafika upana wa mita tatu na miiba ya ncha ndefu kama kidole. Ipe nafasi yake toka mwanzo, mita mbili kutoka njia yoyote ya watu, pembeni ya gari usiweke. Ukiwa na watoto wadogo chukua Agave attenuata, haina miiba hata mmoja, majani laini ya kijani cha maziwa, yapenda kivuli kidogo cha mchana, ama Agave desmettiana ambayo nayo ukingo wake ni laini na unyevu wetu yauvumilia, ila hukimbilia kutoa ua mapema.

Miiba yaua macho, nasema bila kuficha. Mtoto akikimbia na mpira, urefu wa jicho lake ndio urefu wa ncha ya jani. Kata ile ncha tu kwa mkasi wa bustani, sentimita moja, mmea haudhuriki. Na utomvu pia jihadhari nao, ndani ya jani mna vifuwele kama sindano ndogo ndogo, vikigusa ngozi yawasha na kutoka vipele, ukikata vaa glavu na mikono mirefu na miwani, na usikate kwa mashine ya kufyeka nyasi inayorusha utomvu, nimemwona kijana amevimba mikono yote miwili wiki nzima.

Adui mwingine ni fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, mashamba ya mkonge ya Afrika Mashariki wamjua zamani. Jike atoboa kwenye shina, ataga mayai, na funza wake wala moyo ndani kwa ndani, pamoja na uozo anaouingiza kwa mdomo wake. Dalili ni ile ile ya mama wa Nyali, majani yalala ghafla, lakini ukiupasua moyo utakuta mashimo na funza weupe wanene. Huo mmea toa wote na udongo wa kuuzunguka, uchome, usiutupe kwa jirani. Mimea iliyodhoofika kwa maji ndiyo yashambuliwa upesi kwa hivyo tumerudi pale pale.

Katika mpangilio nitasema machache kwa sababu jicho ni la mtu. Mkonge una umbo kali, ukipanga ishirini pamoja kama jeshi bustani yakuwa ya kutisha. Mmoja mkubwa, nafasi tupu, jiwe moja la matumbawe lililozikwa theluthi moja lionekane limezaliwa hapo, halafu kitu laini cha kupepea na upepo wa kusi, nyasi ndefu, ama bogenvilia ukutani nyuma. Weka mahali jua la jioni lipitie ubavuni kivuli cha majani kiandike kwenye ukuta. Usiuweke chini ya mti wa mkungu, yale majani yake makubwa huangukia kwenye moyo wa mkonge yakaloa na kuoza humo. Na poti zote toa visahani chini, maji ya kisahani ni nyumba ya mbu wa mchana, na dengi na chikungunya Mombasa zimeshatupiga.

Changanya na za kwetu pia. Kuna mishubiri ya hapa hapa Pwani hata majina yake ya kitaalamu ni ya hapa, Aloe kilifiensis ya Kilifi na Aloe rabaiensis ya Rabai, kuna mnyaa, kuna zile za majani ya upanga za porini ambazo watu wengi waziita mkonge vile vile, na kuna mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi, ambao kwangu mimi ukisimama pembeni ya agave waishinda heshima. Lakini mtapo nunua kwa mwenye kitalu anayeotesha, usikubali ule uliong'olewa msituni, wakua polepole mno na msitu wenyewe umebaki kidogo.

Mwisho ni ua. Siku moja utaona katikati ya mkonge kitu kama sparagasi kubwa chatoka, chapanda kwa siku waona kwa macho, mlingoti wa mita tano sita, americana hata nane. Mkonge wa katani huufikia baada ya miaka kama saba hadi kumi ukishatoa majani mia mbili na kitu, americana miaka kumi hadi thelathini. Watu hunipigia simu wameogopa, wengine hukata ule mlingoti wakidhani wataokoa mmea. Hauokoki, umeshaamua, sukari yote uliyoweka miaka hiyo imepanda juu. Kama hakuna nyaya za stima juu wala paa la jirani uache ujimalize, na kama kuna, ukate sasa hivi ukiwa chini kuliko ukuangukie baadaye mkavu.

Kwenye angustifolia na mkonge wa katani, maua yakishaanguka huota miche midogo juu ya mlingoti, mamia, ile ile aliyoagiza Hindorf. Ukitikisa zaanguka zenyewe. Mama wa Nyali tulimjengea kilima upya na saruji tukaitoboa, akapanda angustifolia nne alizopewa na shangazi yake wa Kaloleni kutoka kwenye mlingoti wa namna hiyo, na mvua ya mwaka imepita mara mbili tangu hapo zimesimama. Miche ya namna hiyo panda kwenye mikebe iliyotobolewa chini, mchanga mwingi, kivuli nusu, mwaka mmoja hivi ndio uipeleke ardhini.